Siku Niliyompeleka Mama Mkwe Kuona Wanyama

Jino la mbele la binti yangu lilianza kutikisika katikati ya mwezi wa Ramadhani, na mimi sikumwambia mtu. Kwa watu wa mume wangu, huko Rufiji, mjukuu wa kwanza wa kike hulelewa na bibi mzaa baba, na wakati wa kumchukua ni pale jino la kwanza linapong'oka. Hayo niliyajua tangu posa. Mshenga alipoyataja nilikuwa nyuma ya pazia, nikacheka, maana nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na mtoto aliyekuwa akizungumzwa mimba yake ilikuwa haijatungwa. Wazee wangu wakaitikia, kahawa ikanywewa, mambo yakaisha.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nimezaliwa katika nyumba ya vyumba sita, nimekulia uani kwenye kelele za wapangaji, na mpunga nimeujua ukiwa tayari mchele kwenye ungo. Mama mkwe wangu alikuwa akihamia shambani miezi kadhaa kila mwaka. Alikaa juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili awafukuze ndege, nguruwe na viboko wasimalize mpunga. Huko ndiko mwanangu alikotakiwa. Mwaka uliotangulia, mtoto wa binamu ya mume wangu alichukuliwa na mamba pale wanapochota maji. Mume wangu alinisimulia habari ile huku akitunga uzi kwenye sindano, wala hakuinua kichwa. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja huko Uhindini, mtu mpole, na kwa mama yake hakuwa na neno ila ndiyo. Nilijua nikimtegemea yeye nimekwisha.

Mama mkwe aliwasili siku tatu kabla ya Idd, juu ya lori la pamba, na kikapu cha mchele na jogoo aliyefungwa miguu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kaniki, na sauti yake ilizoea kusikika upande wa pili wa shamba.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mke mwenzangu?"

Ndivyo mabibi wa kwao wanavyowatania wajukuu wa kike. Mtoto akasogea huku anacheka. Bibi hakusema amekua, wala hakusema amefanana na nani. Alimshika uso kwa viganja viwili, akampapasa paji na mashavu, kisha akamtia kidole kinywani bila hodi. Akalipata jino, akalitikisa.

"Bado kidogo," alisema, akaketi juu ya mkeka.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi. Mtoto akiamka anaitwa, anafungua kinywa, kidole kinaingia. Nilikuwa nikimtazama kutoka jikoni na kumchukia. Nilimwona kama mtu anayebonyezabonyeza papai la jirani akingoja liive. Mambo yake mengine sikuyatilia maanani. Akitoka nje lazima aweke mkono kwenye bega la mtoto, nami nilidhani ni magoti. Chakula akiwekewa alikigusa kwanza pembeni ya sahani, nikadhani ni adabu ya kwao. Mtu unayemchukia humchunguzi sana, unahesabu makosa yake tu.

Siku ya Idd pili mume wangu alikuwa na ngoma. Alipiga tarumbeta katika beni, ngoma ya kuiga bendi ya askari, na siku kama ile angekufa kuliko kukosa kuonekana Mnazi Mmoja na kofia yake yenye ukanda. Kabla hajatoka akaniambia, "Mpeleke mama kwa Mzungu wa wanyama. Akirudi kwao awe na la kusimulia." Kisha akaongeza, akitazama viatu vyake, "Jioni tutazungumza habari ya mtoto. Lori linaondoka keshokutwa."

"Jino halijang'oka," nikasema.

"Litang'oka njiani," akasema. Akatoka.

Yule Mzungu wa wanyama alikuwa na ua wa mabati karibu na Kivukoni, nyuma ya maghala. Wanyama waliokamatwa bara waliwekwa pale wakingoja meli ya kuwapeleka Ulaya, na siku za sikukuu akafungua mlango, watu wakaingia kwa kiingilio. Mji mzima ulikuwa ukipazungumzia. Nilikuwa nimekwisha kwenda mara mbili, na mara zote mbili nilirudi na harufu ya fisi kwenye nguo.

Nilivaa kanga zangu mpya za bluu, nikamvisha mtoto gauni aliloshonewa na baba yake, nikampa bibi kanga moja ajitande juu ya kaniki yake. Tukashika njia. Mnazi Mmoja palikuwa pamejaa pembea, wauza kashata, na vumbi. Mkono wa bibi ulikuwa juu ya bega la mtoto, na kila hatua alikuwa anauliza.

"Nini kile, mke mwenzangu?"

"Pembea, bibi."

"Ina watu wangapi?"

"Wanne. Mmoja analia."

"Analia kwa nini?"

"Anataka kushuka."

Hivyo hivyo mpaka Uhindini, duka kwa duka, baiskeli kwa baiskeli. Mtoto alikuwa akifurahi kuulizwa, maana nyumbani watoto wakisema sana huambiwa wanyamaze. Mimi nilikuwa nyuma yao nimevimba. Niliwaza, anamzoesha huyu, anamzoesha utumishi, keshokutwa atakuwa juu ya dungu anatumwa maji mtoni.

Uani kwa Mzungu palikuwa na foleni. Tulipoingia tukaanza na nyani, kisha mbuni wawili waliokwisha nyonyoka manyoya, kisha chui mmoja aliyelala ametupa mgongo kwa watu, na watu wakawa wanamtukana ageuke. Mtoto alisimulia, bibi akaitikia, "Ehee. Ehee." Mimi nilikuwa ninatazama kinywa cha mtoto.

Kulikuwa na birika la saruji kwenye pembe ya ua, limezungushiwa magogo. Hatujalifikia, na mtoto hajasema neno, bibi akasimama. Akainua pua.

"Yupo hapa," akasema. "Yupo hapa mshenzi huyu."

Watu wakageuka. Ndani ya birika alikuwemo kiboko mchanga, bado hajapata ukubwa wake, ametoa pua na masikio tu juu ya maji yaliyokuwa kijani kwa uchafu. Bibi akaachia bega la mtoto, akashika gogo kwa mikono miwili, akamgombeza kwa sauti yake ile ya shambani. Alimtajia mpunga alioukanyaga, mwaka kwa mwaka, na usiku aliogonga debe kumfukuza mpaka mikono ikafa ganzi. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mwenyewe alikuwa anafurahia, ilionekana wazi. Hakuwa amesema maneno mengi namna ile tangu ateremke kwenye lori.

Mlinzi, mzee mwenye kaptula ya kaki, akaja na ndoo ya pumba akamwaga kwenye kijisahani cha saruji.

"Kumbe huku mnamlisha!" bibi akasema.

"Ndoo mbili kwa siku, bibi, na majani."

"Bila kazi?"

"Kazi yake kutazamwa."

"Atarudi lini kwao?"

"Harudi. Meli ijayo anapakiwa, anakwenda Ulaya."

Bibi akageuza uso kwenye birika. "Na yeye ameambiwa?"

Watu wakacheka tena, na mlinzi akacheka zaidi ya wote. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati ule ule mtoto alikuwa amenivuta kanga. Alikuwa amekula kashata ya nazi, amefumba kinywa, na macho yamemtoka. Akafungua kiganja. Kiganjani mlikuwa na kashata iliyotafunwa, na ndani yake jino.

Nikalitwaa, nikalifuta, nikalifunga kwenye upindo wa kanga. Nikamwinamia sikioni, "Usiseme. Fumba kinywa. Usimwonyeshe bibi." Mtoto wa miaka sita umwambie asionyeshe jino lililong'oka! Ahadi yake ilidumu muda wa kuvuka ua. Bibi alipomshika tena begani, mtoto akamgeukia, akaachama kinywa chote mbele ya uso wake, damu kidogo kwenye fizi, pengo wazi kabisa, akasubiri. Hakusema, kwa kuwa nilimkataza kusema.

Bibi akampapasa kichwa. "Twende, mke mwenzangu," akasema. "Wamebaki wanyama gani?"

Mtoto akaachama tena, zaidi. Bibi akatabasamu kuelekea kwingine. Nikafikiri, mjanja huyu, ameona, anaitunza mpaka jioni aje aitoe mbele ya mwanawe.

Mwisho wa ziara kulikuwa na kibanda cha makuti walimoweka samaki. Masanduku ya kioo yalipangwa juu ya meza ndefu, na wavuvi walileta maji ya bahari kila alfajiri kwa madebe. Ndani palikuwa na kiza na ubaridi, na watu walisema kwa sauti ya chini kama wamo msikitini. Sanduku la kwanza lilikuwa na samaki wekundu wenye mistari. La pili lilikuwa na samaki bapa wa manjano. La tatu halikuwa na kitu. Wale wa ndani yake walikuwa wamekufa jana, mlinzi alituambia, na maji yalikuwa yamebadilishwa lakini samaki wengine walikuwa hawajaletwa.

Mtoto alikuwa amebandika pua kwenye sanduku la kwanza, amesahau kila kitu. Bibi, aliyeachwa peke yake, alisogea kufuata ukingo wa meza kwa vidole, akafika sanduku la tatu, akaweka kiganja juu ya kioo. Mwanamke mmoja karibu yetu alikuwa akiwasifu wale wekundu kwa mwenzake.

"Mashaallah," bibi akasema, akitazama mbele yake. "Hawa wekundu ndio wazuri zaidi."

Watu wawili watatu wakacheka kwa kudhani ni mzaha mwingine kama ule wa kiboko. Nikamsogelea. Nyuma ya kioo kulikuwa na mchanga, jiwe moja, na sura yake mwenyewe.

"Unawaona wangapi, mama?" nikamuuliza.

"Wengi, mwanangu. Wanacheza."

Hapo mambo yote yakajipanga yenyewe: bega la mtoto, ukingo wa sahani, kidole kinywani kila asubuhi. Alikuwa hajaona pengo. Alikuwa hajaona chui, wala mbuni, wala mimi. Nilifurahi. Nasema hivyo hivyo, kwa sababu watu wa umri wangu wakisimulia hupenda kujisafisha. Sikumhurumia. Nilisimama kwenye kibanda kile nimeshika upindo wangu wenye jino, na nilichowaza ni hiki: mwanamke asiyeona hawezi kupewa mtoto akamlee kando ya mto wenye mamba. Nimeshinda.

Njiani kurudi alisema, "Umenyamaza, mwanangu."

"Jua kali, mama."

"Kweli, kali," akasema, na akamwuliza mtoto kama pembea bado zipo.

Baada ya sala ya alasiri mume wangu akarudi na tarumbeta yake chini ya kwapa. Baraza letu lilikuwa limejaa, kama ilivyo siku ya Idd pili: wapangaji wote wa nyumba, jirani wa mkono wa kulia na wake zake wawili, wageni wao, sinia za pilau. Mtoto akamkimbilia baba yake kinywa wazi.

"Limeng'oka!" mume wangu akapiga kelele. "Mama, mbona hamkusema? Jino limeng'oka!"

Bibi alikuwa kwenye mkeka. Uso wake ulibadilika, akanyosha mkono, na kile kidole chake kikaanza kumtafuta mtoto.

Ningeweza kumwita mume wangu chumbani. Chumba kilikuwa hatua sita kutoka pale, na mlango ulikuwa wazi. Sikumwita.

"Usitie kidole, mama," nikasema. "Tazama kwa macho."

Watu wakaacha pilau, wakageuka.

"Limeng'oka mchana," nikaendelea. "Mtoto alikufunulia kinywa mara mbili, uso kwa uso." Kisha nikasimama mbele yake na kutandaza kanga yangu kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wauza duka. "Kanga yangu hii ya Idd, mama. Ya rangi gani?"

Alielekeza uso wake sauti yangu ilikotoka. Ukapita muda. Sikuwahi kuona mtu mzima akitafuta jibu namna ile mbele ya watu.

"Nyekundu," akasema.

Mke mdogo wa jirani aliguna. Mtoto, aliyekuwa amezoea kumsaidia, akasema kwa upole, "Bluu, bibi."

Mume wangu aliweka tarumbeta chini. Alichuchumaa mbele ya mama yake akapitisha mkono mbele ya macho yake, huku na huku. Yale macho hayakuufuata.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Mvua ya pili sasa," bibi akasema. "Lilianza jicho moja, nikasema litapoa. Naona mwanga. Mtu akipita naona kimepita kitu. Ndege nawasikia wanakula mpunga wangu, sijui nitupe jiwe upande gani." Akashusha mkono. "Mila ni mila, lakini sikuja kwa ajili ya mila. Nilitaka mtoto aniambie walipo."

Mume wangu akafuta uso kwa ukanda wa kofia yake. Kisha akasema lile ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mama yake kabla ya siku ile wala baadaye.

"Basi hurudi."

"Na mpunga wangu?"

"Hurudi, mama. Utakaa hapa. Utakula, utapumzika."

"Mpunga umeshatoa masuke," bibi akasema.

Lakini wale wote waliokuwa barazani walikwisha kuanza kumwambia mume wangu kuwa amesema vyema, mtoto mwema ndivyo afanyavyo. Wakajadiliana apewe chumba gani, nani ahame, na shamba lisimamiwe na nani. Walizungumza juu ya kichwa chake. Yeye akanyosha kiganja upande wangu.

"Jino liko wapi?" akauliza.

Nikafungua upindo, nikamwekea mkononi. Jino la kwanza hutupwa juu ya paa na bibi. Alimwita mtoto, mtoto akamtoa barazani mpaka uwanjani, akamgeuza mabega, akamwinua kidevu, "Huku, bibi. Juu zaidi." Bibi akatupa. Likaingia kwenye makuti. Lori likaondoka keshokutwa yake bila yeye.

Alikaa nasi miaka tisa. Daktari alisema amecheleweshwa mno. Mashamba yalichukuliwa na wapwa zake, ambao walituletea mchele mara ya kwanza, kisha wakaacha. Alipewa chumba cha mbele ili afikie baraza kwa urahisi, na pale barazani ndipo alipokaa, asubuhi mpaka magharibi, mgongo ukutani. Chakula kililetwa, maji yalichotwa. Mwanzoni aliomba kazi, nikampa mchele apembue, lakini aliacha mawe, nikaurudia kwa siri. Siku moja alinisikia ninaurudia. Hakuomba tena. Binti yangu akitoka chuo cha Kurani aliketi karibu yake na kumsimulia wapita njia, na siku zisizo na wapita njia aliwatunga. Hivyo alipata macho yake, ila hakuwa na kitu cha kuyatazamishia.

Hakunisema kamwe. Hakumlalamikia mwanawe, hakunisengenya kwa majirani, na aliniita mwanangu siku zote. Jambo moja tu. Kila Idd mume wangu alimnunulia doti ya kanga. Naye alingoja mpaka baraza lijae watu, ndipo aikunjue, aipapase, aishike kwa mikono miwili mbele yake, na kusema kwa sauti yake ile ya shambani, "Mwanangu, ya rangi gani?"

Mtoto akijibu, alimwambia, "Sikukuuliza wewe, mke mwenzangu." Mume wangu akijibu, alijifanya hakusikia. Alisubiri mimi. Nami nilikuwa natoka jikoni na mikono yenye unga, nasimama pale pale niliposimama siku ile, na kusema: manjano, mama. Kijani, mama. Zambarau, mama. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaikunja, basi. Sijui kama ilikuwa adhabu. Nilimwomba radhi mara moja tu, mwaka wa nne, tukiwa wawili uani. Akasema, "Ulisema kweli." Nikasubiri aongeze neno, hakuongeza.

Sikujuta kumzuia mtoto. Hata leo sijuti. Najuta zile hatua sita mpaka chumbani ambazo sikuzitembea.

Alikufa mwezi wa Rajabu, asubuhi, bila kusumbua mtu. Tulikuwa wanawake wanne chumbani kumwosha. Tulipomaliza, mkubwa wetu akaniambia nilete sanda. Nikaichukua juu ya kitanda, nikaikunjua, nikaishika kwa mikono miwili mbele yake, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimekwisha kusema, kwa sauti kubwa kama ya barazani:

"Nyeupe, mama."